Farasi wa Ufuoni Mombasa Anapokataa Kazi: Kutafuta Chanzo Kuanzia Dalili

Farasi wanaopandisha wageni na watoto kwenye fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu hufanya kazi katika joto ambalo mwezi Machi hufika nyuzi 32 au 33, katika hewa nzito ya unyevu, juu ya mchanga, na katikati ya umati ambao sehemu yake kubwa haijawahi kumkaribia mnyama wa ukubwa huo. Farasi wa namna hiyo anaposimama ghafla na kukataa kusonga, maelezo ya kwanza huwa ni yale yale. "Mzee, huyu leo ana ukaidi tu," saisi, yaani mtunza farasi, humwambia mwenye farasi, na mjeledi hufuata. Mwongozo huu unashika msimamo mwingine: katika pwani hii, ukaidi wa farasi uchukuliwe kuwa dalili ya maumivu, joto au ugonjwa mpaka vipimo vitakapoonyesha vinginevyo.

Vipimo vinavyotangulia kila jambo

Haiwezekani kusema farasi ana homa ikiwa hakuna anayejua joto lake la kawaida. Farasi mzima aliyepumzika huwa na joto la mwili la kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, na pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Joto hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kutiwa kwenye njia ya haja kubwa, kikiwa kimefungwa uzi ili kisipotelee ndani, na anayepima asimame ubavuni wala si nyuma. Mapigo huhesabiwa kwa vidole viwili juu ya mshipa unaopita chini ya taya. Pumzi huhesabiwa kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Ufizi wenye afya una rangi ya waridi na umelowa; ukiubonyeza kwa kidole ukawa mweupe, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Mwisho, weka sikio nyuma ya ubavu wa mwisho, upande wa kulia na wa kushoto, usikilize ngurumo za utumbo, kwa kuwa kimya kirefu hapo ni habari mbaya.

Vipimo hivi vichukuliwe alfajiri kabla ya kazi na kuandikwa katika daftari la kila farasi. Wapo wanaoona daftari hili kuwa mambo ya kizungu. Kwa maoni yangu, hakuna kifaa cha bei nafuu zaidi katika banda lote, kwa sababu daktari wa mifugo anayepigiwa simu usiku huuliza tarakimu hizo kabla ya kuuliza jambo jingine.

Anatweta baada ya kazi ndogo, na mwili wake ni mkavu

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na Nairobi, na ndipo makosa mengi hutendeka. Farasi hupunguza joto la mwili hasa kwa kutoka jasho, na jasho hilo hupoza pale tu linapokauka. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho huteremka mwilini bila kukauka na joto hubaki ndani. Wapo farasi ambao, baada ya wiki au miezi ya kusukumwa na hali hiyo, tezi zao za jasho huacha kuitika. Huanza kwa kutoka jasho chini ya tandiko, chini ya singa na katikati ya mapaja tu, kisha wengine hukauka kabisa. Nywele za usoni hupungua, ngozi hutoa magamba, na farasi aliyekuwa mchangamfu huwa mzito tangu mzunguko wa kwanza. Hali hii huwapata farasi walioletwa kutoka bara na hata waliozaliwa hapa hapa.

Ili kutofautisha, mtembeze farasi kwa dakika chache asubuhi pamoja na mwenzake mwenye afya, kisha uwalinganishe. Ikiwa mwenzake amelowa shingoni na yeye ni mkavu huku pumzi zake zikiwa maradufu, dalili iko wazi. Daktari wa mifugo anaweza kuthibitisha kwa kudunga chini ya ngozi sindano ndogo za dawa inayochochea jasho na kutazama linavyotoka. Tiba ya uhakika haijapatikana. Kinachosaidia ni kumpumzisha, kumweka penye kivuli na upepo, kumpa chumvi na maji, na kumfanyisha kazi alfajiri peke yake. Asipopata nafuu, ahamishiwe mahali penye ubaridi kama Nakuru au Nairobi. Mwenye farasi asiyetaka kusikia habari ya kumhamisha aelewe kwamba farasi asiyetoka jasho anaweza kufa kwa joto katika mchana mmoja wa sikukuu.

Kiharusi cha joto ni jambo la dharura. Joto la mwili likipita nyuzi 40 baada ya kazi na lisishuke, farasi akayumba, macho yakapoteza uhai na pumzi zikawa fupi za haraka, kazi ya kwanza ni maji. Mvueni tandiko, mpelekeni kivulini penye upepo, mmwagieni maji baridi mwili mzima bila kukoma, ndoo baada ya ndoo, huku mkipima joto kila dakika 10 mpaka lishuke chini ya 39. Imani ya kuwa maji baridi hukaza misuli ya farasi mwenye joto imewaua farasi wengi kuliko maji yenyewe. Kama maji baridi ya bomba hayako karibu, maji ya bahari yanafaa kwa kumwagia, ingawa hayafai kunywa. Imani nyingine ya kuachwa ni ile ya kumnyima maji ya kunywa mpaka apoe. Apewe mara moja.

Nikiulizwa saa za kazi, nitasema kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na nusu jioni, hasa katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Najua kwamba wateja wa Jumapili hufurika saa nane mchana, na najua hasara ya kuwaambia wasubiri.

Anapiga ardhi kwa mguu na kutazama ubavu wake

Msokoto wa tumbo ndio unaoogopwa kuliko maradhi mengine yote ya farasi, na sababu yake ya kimaumbile ni moja: farasi hawezi kutapika. Kinachoingia lazima kipite utumbo wote. Anapoumwa hukwangua ardhi kwa mguu wa mbele, hugeuza shingo kutazama ubavu, hujinyoosha kana kwamba anataka kukojoa, hulala na kuinuka, na maumivu yakizidi hugaragara.

Visababishi vilivyo vya kawaida hapa ni viwili. Cha kwanza ni mchanga. Farasi anayetupiwa nyasi chini, katika ua wa mchanga, humeza mchanga kwa kila tonge, nao hujikusanya chini ya utumbo mpana kwa wiki nyingi kabla ya kuleta maumivu au kuharisha kusikokoma. Kipimo chake hakihitaji maabara. Okota vidonge vichache vya kinyesi kibichi kutoka juu ya rundo, visivyogusa ardhi, vitie katika mfuko wa plastiki unaopenya mwanga, jaza maji, viponde kwa vidole mpaka viachane, kisha ning'iniza mfuko kwa pembe moja kwa dakika 20. Nyuzi za nyasi huelea na mchanga hushuka kwenye pembe ya chini, ambapo unaweza kuuhisi ukikwaruza kati ya vidole. Kikitokea kiasi cha kijiko cha chai, farasi ana mzigo tumboni. Usipotokea mchanga wowote, hilo halimwondolei shaka, kwa maana huenda umetulia bila kutoka. Lishieni kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira unaofagiwa, na mpeni nyasi nyingi, kwa sababu nyasi ndefu zenyewe husukuma mchanga. Maganda ya isabguli yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa watu wenye choo kigumu hutumiwa pia kwa farasi, kwa kipimo cha daktari.

Kisababishi cha pili ni maji. Farasi wa kilo 400 au 500 hunywa lita 25 hadi 55 kwa siku, na siku za joto kali huweza kuzidisha mara mbili. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na farasi asiyeyapenda hunywa kidogo tu, chakula kikakauka na kuziba. Anayenunua maji ya mkokoteni ahesabu mitungi ya lita 20: miwili kwa farasi mmoja haitoshi katika mwezi wa Februari. Kama kinyesi kimekuwa vidonge vidogo vikavu vilivyofunikwa ute, jibu liko ndooni.

Dalili zikionekana, ondoeni chakula, pimeni mapigo, na mpigieni daktari. Farasi anayetaka kugaragara anaweza kutembezwa polepole kwa muda mfupi, ila asitembezwe mpaka achoke. Msimmiminie mafuta ya kupikia mdomoni kwa chupa, jambo linalofanywa sana, kwa kuwa mafuta hayo huweza kuingia mapafuni; daktari hutumia mpira unaopita puani hadi tumboni. Mapigo yakizidi 60 kwa dakika na ufizi ukawa mwekundu uliokoza au wa zambarau, muda uliobaki unahesabika kwa saa. Tena, farasi aliyekuwa akigaragara akitulia ghafla huku mapigo yakizidi kupanda, msishangilie, kwa sababu huenda tumbo limepasuka.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbwa dhidi ya kupe, yenye kiambato cha amitrazi, hufanya utumbo wa farasi usimame. Msokoto wa tumbo unaozuka siku moja au mbili baada ya kuoshwa kwa dawa hiyo hauna haja ya uchunguzi mrefu. Vivyo hivyo, chakula cha ng'ombe au kuku chenye monensini ni sumu ya moyo kwa farasi hata kwa kiasi kidogo, na gunia la chakula hicho halipaswi kuwekwa katika banda moja na chakula cha farasi.

Anaguchia (anachechemea)

Anzeni chini. Inueni kila mguu, ondoeni uchafu kwa ndoana ya kwato, mtazame. Uozo mweusi wenye harufu kali kwenye ile nyama ngumu ya pembetatu katikati ya ukwato hutokana na banda lenye mkojo na unyevu. Hutibika kwa usafi, kukausha na dawa. Farasi asiyekanyaga kabisa kwa mguu mmoja, na ukwato wake una joto kuliko mingine, mara nyingi ana usaha ndani, aghalabu baada ya kukanyaga msumari au ncha ya tumbawe wakati maji yamekupwa. Fundi wa kwato au daktari hufungua njia usaha utoke. Kwa kila kidonda cha aina hii ulizeni kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi kwa ugonjwa huo.

Farasi anayesimama akiegemea nyuma ili kupunguza uzito wa miguu ya mbele, kwato zote mbili zikiwa na joto, ana uvimbe wa ndani ya kwato. Huwapata hasa wanene na walioiba nafaka. Hiyo nayo ni dharura, na kumtembeza ni kumuumiza zaidi.

Ikiwa kwato ni nzima, pitisha kiganja nyuma ya mguu, kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Joto au uvimbe hapo ni kano iliyovutika, na chanzo chake kwa kawaida ni mchanga laini. Maji yakipwa, ufuo huacha uwanja mpana wa mchanga mgumu ulioloa, na farasi hutembea vizuri juu yake. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yanapojaa kupita kawaida, hubaki ukanda mwembamba wa mchanga mkavu karibu na kuta za hoteli, ambao ukwato huzama ndani yake na kano hufanya kazi maradufu. Ratiba ya farasi wa ufuoni basi ifuate majira ya maji kama wavuvi wanavyofanya, na saa za maji kujaa ziwe za mapumziko. Kano iliyoumia humwagiwa maji baridi dakika 20 mara kadhaa kwa siku, kisha hupewa mapumziko ya miezi. Kumrudisha farasi kazini baada ya wiki mbili kwa sababu uvimbe umeshuka ni kununua jeraha la pili.

Kuna kuguchia kunakohama kutoka mguu huu hadi ule, pamoja na mifupa ya uso kuvimba pande zote mbili juu ya taya. Hilo ni tatizo la hori. Pumba za ngano na makapi ya mahindi vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na baadhi ya majani ya nchi za joto, likiwemo lile la napia, huizuia kalsiamu isifyonzwe, hivyo mwili huichota kutoka mifupani. Punguzeni pumba, ongezeni nyasi bora na lusini, na mwombeni daktari apange kipimo cha chokaa ya mifugo.

Homa, uvimbe na kukonda

Homa yoyote imzuie farasi kufanya kazi siku hiyo. Homa yenye pumzi nzito, povu puani na uvimbe katika vishimo vilivyo juu ya macho inaashiria tauni ya farasi ya Afrika, ambayo huenezwa na usubi wakati wa mvua na baada yake, na katika umbo lake la mapafu huua farasi wengi sana wasio na kinga. Chanjo itolewe kabla ya misimu ya masika na vuli kwa ratiba ya daktari, na farasi waingizwe bandani kabla ya magharibi na kutolewa baada ya jua kupanda, kwani usubi huuma zaidi usiku. Ofisi ya mifugo ya kaunti ijulishwe mara moja.

Homa inayokuja na kuondoka, ufizi kupauka, uvimbe chini ya tumbo na miguuni, na kukonda ingawa anakula, huelekeza kwenye vimelea vya damu. Mbung'o wapo Shimba Hills, kwa hiyo farasi aliyepitia Kwale apimwe damu. Chafuo, nzi wakubwa wanaouma, nao huweza kuhamisha ugonjwa wa namna hiyo kutoka kwa ngamia, na ngamia wako ufuo huo huo. Ufizi wa manjano na mkojo mwekundu hutufanya tushuku ugonjwa wa kupe. Msimdunge dawa iliyobaki ya ng'ombe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina kipimo chembamba kwa farasi kati ya kuponya na kuua.

Farasi anayeyumba, anayezunguka upande mmoja au kugandamiza kichwa ukutani huenda amekula mahindi yaliyoota ukungu, jambo jepesi kutokea katika ghala la pwani. Akiwa pia mkali ghafla au hawezi kumeza, wazieni kichaa cha mbwa, na mtu asitie mkono mdomoni mwake.

Anauma au kurusha mateke wakati wa kufungwa tandiko

Tazameni mgongo kabla ya kutazama tabia. Bonyezeni kwa vidole pande zote mbili za uti, tangu mabegani hadi kiunoni. Akishusha mgongo au kukunja ngozi, tandiko linamuumiza. Nywele nyeupe zilizoota mahali pa tandiko ni makovu ya mgandamizo wa zamani. Chumvi ya bahari hukausha ngozi ya mikanda na kula chuma cha lijamu na cha vikuku vya kutilia miguu, na ukungu humaliza nyuzi za mshono, basi vyote vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaguliwa kila jioni. Mkanda wa tumbo ukikatika mtoto akiwa juu, haitakuwa bahati mbaya.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 80 kwa farasi wa kilo 400, na pungufu ya hapo kwa aliyekonda, mzee au anayetembea mchanga laini. Mama na watoto wawili juu ya tandiko moja, picha inayopendwa sana siku za Idd na Krismasi, mara nyingi huvuka kipimo hicho na pia humwacha mtu wa nyuma bila pa kushika.

Anashtuka na kukimbia na mpandaji

Kabla ya kumlaumu, hesabuni vilivyo karibu: boti ziendazo kwa kasi, tiara, mpira, vijana wanaojirusha majini, muziki wa spika. Farasi huona karibu pande zote isipokuwa moja kwa moja nyuma yake na mbele ya paji lake, kwa hiyo mtoto anayekuja mbio kwa nyuma ndiye hatari kubwa ufuoni, kwake mwenyewe na kwa mpandaji. Mtu mmoja apewe kazi ya kusimama nyuma na kuwaweka watu mbali.

Saisi ashike kamba kwa kiganja kilichofumbwa vizuri, wala asiizungushe kiganjani, kwa maana farasi anayekimbia hung'oa vidole. Mpandaji avae kofia ngumu ya kupandia farasi, iliyofungwa kidevuni. Ya bodaboda ni nzito na huziba macho pembeni. Viatu viwe vya kufunika na vyenye kisigino kidogo. Patipati huteleza ndani ya kikuku mpaka mguu mzima ukapita, na mtu akianguka hukokotwa. Asiye na viatu asitie miguu katika vikuku kabisa, na atembezwe polepole. Buibui au leso ikusanywe na kufungwa juu ya magoti kabla ya kupanda, na dada au mama wa familia ndiye amsaidie mwenzake, si saisi.

Aliyeanguka asiinuliwe upesi. Akilalamika shingo, akitapika au kurudia swali lile lile, apelekwe hospitali, hata akisema ni mzima.

Dalili zikionekana kwa farasi wa mtu mwingine

Zungumzeni kwanza na saisi, kwa heshima, bila kumkusanyia watu. Mara nyingi yeye hulipwa kwa kila mzunguko, hana farasi wake, na akimpumzisha mnyama mchana anapoteza chakula cha jioni. Mpango wa malipo ya kutwa ungeokoa farasi wengi kuliko makaripio ya wapita njia, na wenye farasi ndio wanaopaswa kusikia hoja hiyo.

Mazungumzo yakishindikana, sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpandisha au kumbebesha kupita kiasi, na kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa ugonjwa au jeraha. Malalamiko hupelekwa polisi, ofisi ya mifugo ya kaunti, au KSPCA, shirika la kutetea wanyama. Yaandikeni kwa namna itakayomsaidia afisa: mahali hasa, tarehe na saa, rangi ya farasi na alama zake, jeraha liko upande gani, alikuwa amebeba watu wangapi, kama palikuwa na maji na kivuli, na picha ya mnyama mzima pamoja na ya jeraha kwa karibu, bila sura za watoto waliokuwa juu yake.